Picha Mia Tano na Arobaini za Beata

Beata Kinunda alikuja kuishi kwangu Mbinga mjini akiwa na sanduku la bati, blanketi la kijivu na daftari ambalo hakutaka mtu aliguse. Ni mjukuu wa marehemu dada yangu, mzaliwa wa kijiji cha Mpepai. Siku moja daftari lilibaki mezani nami nikalifungua. Kwenye pembe ya kila ukurasa palikuwa na kuku mmoja aliyechorwa kwa kalamu ya wino. Nilipoziachia kurasa kwa kidole gumba, yule kuku aliinama, akadonoa, akainua shingo na kunitazama. Nilirudia mara nne. Chai ilichemka jikoni ikamwagikia moto na mimi sina habari.

"Babu, hilo ni daftari langu," Beata alisema akiwa mlangoni.

"Kuku wako ndiye aliyeniita," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipomfahamu. Katika shule ya sekondari alikuwa ameshindwa hesabu, na watu walimhesabu kuwa ameshindwa kila kitu.

Mwaka 2005 alikuwa katika chuo cha kompyuta nyuma ya soko. Miaka ile vyuo viliota mjini kama uyoga, kila kimoja katika chumba cha duka. Zamani ukitaka kujua jambo ulitafuta kitabu, ukakaa nacho mbele ya kibatari mpaka kikakubali. Mimi niliishia darasa la nne, na yote niliyoyajua baadaye niliyatoa humo. Sasa elimu inauzwa kando ya misumari na mafuta ya kupaka, ikiwa na bango la rangi tatu. Hata hivyo nitasema kweli. Katika chuo kile chenye kompyuta sita mbovu niliona kazi iliyonirudishia mapigo ya moyo ya ujana.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kutengeneza katuni ya kutembea ya dakika moja na nusu, bila maneno, wanafunzi watatu watatu. Mwaka uliotangulia Beata aliikosa kwa sababu ya malaria. Safari hii ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho. Kundi lake likishindwa, angetoka bila cheti, na ofisi moja ya Songea inayochora mabango ya afya ilikuwa imemwambia waziwazi kwamba bila cheti asihangaike kupanda basi.

Mwalimu wao, Othmar, alikuwa na mtihani wa aina yake. Alimwita mtu wa njiani asiyejua lolote kuhusu jambo lililochorwa, akamwonyesha katuni mara moja, kisha akamwuliza, "Umeona nini?" Mtu akiweza kueleza jinsi jambo linavyofanyika, kundi limefaulu. Asipoweza, limeanguka, na liliruhusiwa kurudia mara moja tu. Hapakuwa na alama za huruma.

Kundi la Beata lilipewa ngolo. Kwa asiyezijua, ngolo ni mashimo ya mraba yaliyopangana kwenye mteremko kama vyumba vya asali, yamezungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia ndani ya mashimo, na udongo haukimbilii bondeni. Ndivyo sisi Wamatengo tulivyolima milimani tangu babu zetu, kabla ya mtaalamu yeyote kuja na daftari lake kutufundisha kupenda ardhi.

Walikuja kujadiliana ukumbini kwangu. Abdulmajid, ambaye baba yake aliuza vitambaa mjini na asili yao ni Kilwa, alikuwa na diski iliyotoka Dar es Salaam. Steven wa Liuli, huko ziwani, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, alikuja na kipande cha muhogo akitafuna.

"Tuchore kwa mkono," Beata alisema. "Kila picha karatasi yake, kisha tuziingize kwenye kompyuta."

"Picha ngapi?" Abdulmajid akauliza.

"Sita kwa kila sekunde. Mia tano na arobaini."

"Mia tano na arobaini! Dada, utakuwa umeshazeeka. Sikilizeni. Programu hii unaichorea picha ya mwanzo na picha ya mwisho tu. Zile za katikati inajaza yenyewe. Wewe unakunywa chai."

"Na kukata karatasi?" Steven akasema. "Unamkata mtu mikono, miguu, kichwa, unavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera."

"Wewe mla dagaa kaa kimya, tunaongea mambo ya kisasa."

"Dagaa hao hao uliowamaliza jana kwenye sahani yangu?"

Walicheka, wakachagua diski. Nilikuwa nimeshaona mambo mengi yakichaguliwa kwa sababu yana haraka. Ndivyo chama chetu cha ushirika kilivyokufa. Wanunuzi wa kahawa walikuja na malori na pesa mkononi, na kila mtu akaona foleni ya ghala letu ni ndefu mno.

Siku nane walizitumia wakihangaika na ile programu. Kompyuta ya chuo ilikuwa dhaifu kwa mzigo ule, ikazimika kila walipoongeza rangi. Mwishoni walipata mteremko wa kijani, mashimo yakifunguka safu kwa safu, na majani yakichomoza. Ilimeremeta. Abdulmajid alikuwa akiitazama kama mtu anayetazama gari lake jipya.

Jumamosi ya mtihani Mwalimu Othmar alimwita Tarsisi, fundi baiskeli aliyetoka Tunduru. Nami nilikuwepo, nimesimama nyuma. Tarsisi alitazama mpaka mwisho, akavua kofia.

"Umeona nini?" mwalimu akauliza.

"Nimeona makaburi, Mwalimu," Tarsisi akasema kwa sauti ya chini. "Yamefunguka yenyewe, mengi sana, kisha nyasi zikaota. Sijui ni wapi, lakini poleni na msiba."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Beata hakucheka. Mwalimu Othmar aliwapa majuma mawili ya kurudia, akasema hakuna mara ya tatu.

Jioni ile Beata alikaa jikoni akiwa amekumbatia magoti. Nikamwuliza, "Kwani ngolo inachimbwa?"

"Si shimo, Babu? Shimo linachimbwa."

"Umelima ngolo wewe?"

"Nimelima na mama tangu nina miaka saba!"

"Ulipofika shambani na mama yako, ulikuta nini chini?"

Alifikiri. "Nyasi. Zimeshalazwa."

"Nani alizilaza?"

Macho yake yakabadilika. Kwetu mwanaume anafyeka nyasi kwa nyengo, yaani mundu wa kufyekea, anaziacha zikauke, kisha anazilaza kwa mistari inayopanda na inayokata mpaka mteremko wote unakuwa na miraba. Akimaliza, kazi yake imekwisha, anaondoka. Mwanamke anakuja na jembe, anatoa udongo katikati ya mraba na kuzifunika zile nyasi pande zote nne. Anayejenga ngolo anajenga tuta. Shimo ni mahali udongo ulipotoka tu. Maisha yake yote Beata alikuwa ameikuta kazi imeshafika nusu, ndiyo maana aliichora nusu. Na hao vijana wawili, mmoja wa dukani na mwingine wa ziwani, wangemsahihisha vipi?

"Tena hizo nyasi zinaozea ndani ya tuta na kuwa mbolea," nikasema. "Kompyuta yenu ilionyesha ndani ya tuta?"

Alisimama. "Babu! Tuta lazima likatwe! Tulikate kama mkate, watu waone ndani!" Akazunguka jiko mara mbili. "Haiwezekani kuchora. Lazima liwe udongo. Udongo wa kweli, nyasi za kweli, kamera juu, tunasogeza na kupiga, tunasogeza na kupiga!"

Jumatatu asubuhi aliwaita wenzake. Abdulmajid alijaribu kuitetea diski yake.

"Nitaipunguza rangi. Nitaongeza watu."

"Abdul, itajaza yenyewe vile inavyodhani," Beata akamjibu. "Haijawahi kufika Mpepai."

"Na mimi sijawahi kufika Mpepai!"

"Basi ndiyo maana mnaelewana."

Steven alianguka kwenye mkeka kwa kucheka. Abdulmajid naye akashindwa kununa. Saa hiyo hiyo alikimbia kwa mjomba wake Adinani, mpiga picha za pasipoti, akarudi na kamera ya dijitali na mguu wake wa chuma, tena akiwa ndiye mwenye hamu kuliko wote. Kwenye kompyuta aligundua programu ndogo, isiyo na mapambo, ambayo kazi yake ni moja tu, kupanga picha kwa mstari na kuzionyesha harakaharaka. Mashine ya chuo iliibeba bila kulalamika.

Steven alikuwa na donge la udongo wa mfinyanzi. Bibi yake anafinyanga vyungu Liuli, naye alilelewa miguuni pake. Kwa saa moja alitoa mwanaume na mwanamke wenye urefu wa kidole, wenye viungo vinavyokunjika. Abdulmajid akamvisha yule mwanamke kipande cha kanga kutoka dukani kwao. Mwanaume akapata nyengo ya bati.

Jumatano walianza uani kwangu, juu ya ubao uliowekwa udongo wa mteremko. Walipiga picha tisini, wakakimbilia chuoni kuzitazama. Walirudi wamenyong'onyea. Jua lilikuwa linatembea, na kila kivuli kikatembea nalo. Katika katuni ile shamba lilitetemeka kama lina homa, mara jeusi, mara jeupe.

"Tunahitaji chumba kisicho na jua," Beata akasema. "Kikubwa. Kisichopitwa na watu."

Nilikuwa na ufunguo wa chumba kama hicho. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa ghala la kahawa la chama, na chama kilipokufa hakuna aliyekumbuka kuniomba ufunguo. Nilikuwa naenda kila mwezi kufagia kinyesi cha popo, sijui kwa ajili ya nani. Tulilifungua Alhamisi. Harufu ya kahawa ilikuwa bado imo kwenye mbao, na pale pa kupimia uzito mizani ya zamani ilikuwa imesimama bila kibao. Vijana walisimama mlangoni wakinusa.

"Babu, humu mlikuwa mkifanya nini?" Steven akauliza.

"Tulikuwa tukiaminiana," nikasema, nikaenda kufunga madirisha.

Tuliwasha karabai mbili, moja kila upande. Mwanga wa karabai unanyong'onyea upepo ukipungua ndani yake, kwa hiyo nilipewa kazi ya kupampu, picha kumi, pampu tatu. Sikuwahi kuwa na cheo nilichokipenda namna ile. Beata alisogeza, Steven alikunja miguu ya watu wake, Abdulmajid alibonyeza na kuhesabu kwa chaki ukutani. Walijifunza kwa kukosea. Ukisogeza sana, mtu anaruka kama chura. Ukisogeza kidogo mno, anatambaa kama kinyonga. Mkono wa mtu ukisahaulika ndani ya picha, unatokea kwenye katuni kama jitu lililopita mbio. Mkono wangu ulipita mara mbili.

Ijumaa nililaza nyasi. Nilizikata fupi kama viberiti, nikazipanga, mistari inayopanda kwanza, kisha inayokata, na yule mwanaume wa udongo akisogea mbele ya vidole vyangu. Jioni tulitazama. Nyasi zilitembea zenyewe mbele ya mtu mdogo, mraba baada ya mraba, mpaka mteremko wote ukafungika! Abdulmajid alipiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akaja na rungu. Mimi nilimwona baba yangu. Mgongo ule, na namna ya kutupa nyasi kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mwanamke. Nikajifanya najua. Nilichukua kijiko, nikafunika nyasi kwa udongo wa katikati, kisha nikatoboa tuta kwa kijiti ili kuweka maharage.

"Babu, unafanya nini?"

"Napanda."

"Hivyo?" Beata alikuwa amefumba mdomo asicheke. "Nani amekufundisha?"

Ukweli ni kwamba hakuna. Miaka sabini nimekula maharage ya ngolo, na kila mara nilikuwa nimeshaondoka shambani. Beata alininyang'anya kijiko. Alitupa mbegu juu ya tuta, zikalala wazi, kisha akarudi katikati ya mraba kuchota udongo tena, akazifunika kwa tabaka la pili.

"Udongo mara mbili, Babu. Ndiyo maana shimo linakuwa na kina. Wa kwanza kwa nyasi, wa pili kwa mbegu."

Nilikaa juu ya mizani. Nilikuwa nimewacheka kwa kujua nusu, nami nilikuwa na nusu yangu tu. Zamani tulikuwa na sengu, mahali pa kula pamoja, wanaume wa ukoo na wajukuu wao, na humo kila jambo la shamba lilizungumzwa. Lakini wanawake walikuwa wakila upande wao. Nimeililia sengu nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na masomo yaliyokuwa yakitolewa upande wa pili wa ukuta.

"Piga picha," nikasema. "Mara mbili. Waione."

Tuta la pembeni walilikata kwa kisu, likafunguka, na nyasi zikaonekana ndani kama nyama ndani ya sambusa. Kufikia Jumatatu chaki ukutani ilisema mia tano. Zilibaki arobaini, za maharage kuota.

Hapo wakagombana. Abdulmajid alitaka machipukizi ya udongo yaliyopakwa rangi. Saa mbili tu, kazi imekwisha. Steven alikuwa ameshayafinyanga, mazuri, ya kijani.

"Mbegu za kweli zipo ndani ya tuta tangu Jumamosi," Beata akasema. "Nimekuwa nikimwagilia. Tuzisubiri."

"Mtihani ni Jumamosi hii! Zisipoota?"

"Zitaota."

"Beata, ni cheti chako. Mimi nitarudi dukani kwa baba, Steven atarudi ziwani. Wewe je?"

Beata aliinama kulitazama tuta. Kisha akasema, "Machipukizi ya Steven ni mazuri. Lakini mtu akiona mwishoni kitu cha bandia, atasema vyote vilikuwa bandia. Weka kamera."

Jumanne hakuna kitu. Jumatano hakuna kitu. Nilikaa na saa yangu ya mkononi, nikibonyeza kitufe kila nusu saa, toka asubuhi hadi jioni, napampu karabai na kuzisogeza karibu na ubao ili udongo upate joto; picha zisizo na kitu tulizifuta kila jioni. Beata alikuwa akiingia, anainama, anatoka. Alikuwa amekonda. Abdulmajid aliyaweka yale machipukizi ya Steven kwenye kopo juu ya dirisha, mahali ambapo kila mtu angeyaona.

Alhamisi saa nane mchana niliinama kubonyeza, nikaona ufa. Mwembamba kama uzi. Nilibonyeza. Sikungoja nusu saa, nilibonyeza tena baada ya dakika kumi. Shingo nyeupe ikasukuma udongo, imejikunja kama mzee anayeinuka kitini. Mimi niliyejiapiza kutokimbia tena barabarani nilikimbia hadi chuoni, nyuma ya soko.

"Beata! Wanatoka! Wanatoka!"

Wenye maduka walidhani ni wezi. Wote watatu walinipita njiani, na nilipofika ghalani nikihema walikuwa wamelala kifudifudi kuzunguka ubao, pua zao karibu na udongo. Mpaka Ijumaa jioni machipukizi saba yalikuwa yamenyooka na kufungua majani, yamepauka kidogo kwa kukosa jua, lakini hai. Picha ya mia tano na arobaini aliibonyeza Beata mwenyewe.

Jumamosi Mwalimu Othmar alitoka mlangoni na kurudi na Mwanahawa, mama anayeleta dagaa kutoka ziwani. Alikuwa na ungo mtupu na haraka ya kuwahi gari.

"Mashamba yenu ya milimani siyajui," alionya. "Mimi ni mtu wa maji."

"Ndiye tunayemtaka," mwalimu akasema.

Alitazama amesimama. Katikati alikaa. Mwishoni, maharage yalipoinua shingo, alisema "Heee!" na kushika ungo wake kwa nguvu.

"Umeona nini, mama?"

Aling'oa vijiti vya ufagio uliokuwa pembeni, akavilaza mezani, vinavyopanda, kisha vinavyokata. "Baba anaweka hivi. Halafu anaenda zake, sijui wapi, nadhani pombeni." Watu walicheka, mimi kwa sauti kuliko wote. "Mama anakuja. Anachota hapa katikati, anafunika nyasi. Anamwaga mbegu. Anachota tena palepale, anafunika. Nyasi zinaoza ndani, zinayalisha maharage. Na shimo limebaki, sijui la nini... la maji, basi! Maji yanakaa humo, hayakimbii." Alimgeukia mwalimu. "Nimekosea?"

Mwalimu Othmar aliandika kitu kwenye karatasi yake, polepole, kwa ukatili wa walimu wote. Kisha akamgeuzia Beata karatasi aisome mwenyewe.

Beata alisoma, akaiweka chini, akaenda kumkumbatia Mwanahawa, mtu ambaye hakumjua hata jina. "Mwanangu, gari langu," yule mama akalalamika, lakini hakujitoa. Steven alimnyanyua Abdulmajid juu kama gunia la kahawa. Kopo la machipukizi ya udongo lilianguka kutoka mfukoni mwa Abdulmajid, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Beata alipanda basi la Songea mwezi wa kumi na mbili, na cheti ndani ya daftari la kuku. Kabla ya hapo tulikuwa tumeyahamisha yale maharage saba kutoka ghalani hadi uani kwangu. Yalipokomaa nililaza nyasi kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, kwa mkono wa kushoto kama baba. Sikuondoka. Nilichukua jembe, nikachota udongo wa katikati, nikafunika, nikamwaga mbegu, nikachota tena.